Mwaka Nilipoihama Ngoma ya Mjomba

Tulipomzika mjomba wangu Jilala, kule Kolandoto, vijana wa kikundi chake walipiga ngoma kando ya kaburi. Walipomaliza wimbo wa pili, kijana anayewaongoza sasa alinijia pale mkekani, akapiga goti, akasema, "Shikamoo shangazi. Tumeupatia?" Nilikuwa nimelia tangu asubuhi. Ningeweza kusema mmeupatia na hakuna ambaye angenilaumu, maana msibani watu husameheana mengi. Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Mmeukimbiza. Mjomba aliuimba kama mtu anayetembea, ninyi mmeuimba kama mtu anayewahi basi." Akina mama niliokaa nao wakaguna. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo akacheka mpaka akajishika ubavu, akamwambia yule kijana, "Si nilikuonya usimuulize huyo? Huyo ndiye aliyevuka uwanja." Wakaurudia wimbo, polepole, na mara hii mimi ndiye niliyeshindwa kukaa mkekani.

Habari ya kuvuka uwanja bado inasimuliwa huko kwetu, na karibu kila anayeisimulia anaikosea. Wanasema nililogwa. Hata pale msibani nilimsikia mama mmoja akimweleza mwenzake kwamba nilipakwa dawa kwenye nyayo nikiwa nimelala. Mjomba sasa hayupo kuwasahihisha, na yeye alipenda kuwasahihisha. Nimerudi nyumbani kwangu Kalangalala, mjini Geita, ninakoshona nguo, nikanunua daftari. Elimu yangu ni ya kidato cha nne tu. Nitaandika lililotokea.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili na niliishi kwa mjomba ili niwe karibu na shule. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya ngoma zake. Kitanda changu kilikuwa upande wa dirisha na ngoma kumi na moja zilikuwa upande wa mlango, kubwa nyuma, ndogo mbele, kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Chumba kilinuka ngozi na samli. Asubuhi kabla ya kwenda shule nilizitoa juani ili ngozi zikaze, na jioni nilizirudisha, kila moja mahali pake, kwa sababu mjomba alizijua kama mtu anavyojua ng'ombe wake, na akikuta moja imegeuzwa angeuliza ni nani ameiudhi. Alikuwa manju, yaani yeye ndiye aliyetunga nyimbo na kuongoza kikundi. Alitunga wakati wa kula. Tulikuwa tunakula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, au ugali wa mtama na maziwa ya mgando, naye angeacha tonge mkononi, aimbe mstari mmoja kwa sauti ya chini, kisha amgeukie mkewe. "Mama Ngolo, hili linapita?" Mama Ngolo hakuwahi hata kuinua macho. "Linapita, baba." Angemgeukia Masele, mpiga ngoma kubwa wake, ambaye alikula kwetu siku nyingi kuliko alivyokula kwake. "Masele?" "Linapita sana, manju." Siku moja alimuuliza mtu aliyepita kuuliza njia ya kwenda hospitali, na yule naye, akiwa na haraka zake, akasema linapita.

Mwaka huohuo tulipata mwalimu mpya wa Kiswahili, Mwalimu Adela, mwanamke mfupi aliyetembea haraka kuliko wanaume. Alitupa kazi ambayo hatukuwahi kuiona. Kila mmoja awe na daftari dogo, na kila wiki asikilize muziki wa aina moja, wowote ule, aandike ukurasa mmoja. "Sitaki mniandikie kwamba ni mzuri au mbaya," alisema. "Hilo hata mtangazaji wa redio anasema. Andikeni ulikufanya nini. Mwili ulifanya nini? Ulikumbuka nani? Ukilala, andika nililala." Kijana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na ukinifanya nisikie njaa?" Darasa likacheka. Mwalimu akasema, "Andika njaa. Na njaa ya chakula gani."

Nilianza na kwaya ya kanisani kwetu, kwa kuwa niliimba humo sauti ya pili. Niliandika kwamba nikiimba ninajisikia kama gauni lililopigwa pasi, lakini nikikaa kusikiliza wengine ninasinzia kuanzia ubeti wa tatu. Nililikabidhi daftari. Lilirudi na wino mwekundu: "Mimi ubeti wa pili." Wiki nyingine niliandika juu ya dansi. Jirani yetu aliifungulia redio yake sauti kubwa kila jioni nilipokuwa naosha vyombo, na magitaa yalipoanza kuzungukana mkono wangu uliyafuata, nikasugua sufuria mpaka Mama Ngolo akaja kuuliza kama kuna mgeni anakuja. Kisha kulikuwa na duka la vitambaa mjini Shinyanga, la Bwana Karim, nilikotumwa uzi na vifungo Jumamosi. Mama yake, bibi mnene tuliyemwita Bibi Shirin, alikaa nyuma ya kaunta na redio ya kaseti, akisikiliza nyimbo za filamu za Kihindi. Nilisimama pale mwanamke mmoja akiimba kwenye kaseti, sauti inapanda, inapinda, inashuka, na machozi yakanitoka. Bibi Shirin akashangaa. "Wewe Msukuma mdogo, unaelewa?"

"Sielewi hata neno moja, Bibi."

"Sasa unalia nini?"

"Sijui."

"Mimi naelewa kila neno. Huyu anagombana na mama mkwe wake juu ya chumvi."

"Basi anagombana vizuri, Bibi," nikasema, naye akacheka, akanikatia uzi mrefu kuliko niliotumwa.

Nilipofika kwenye ngoma ya mjomba, kalamu ilikuwa nzito. Nilihudhuria mazoezi yake Jumapili nzima. Nikaandika: "Nilisimama wima. Nilijivuna. Nilikuwa naangalia watu wanaomwangalia mjomba. Mguu haukutikisika." Mwalimu aliandika chini yake, "Kujivuna ni habari ya mjomba. Ngoma je?" Nililificha daftari chini ya godoro.

Kwa asiyejua, Usukumani wachezaji ngoma wako pande mbili tangu enzi za mababu, Wagika na Wagalu, na baada ya mavuno hushindana. Hakuna jaji mwenye kalamu. Vikundi viwili vinapiga uwanja mmoja, wakati mmoja, kimoja huku na kingine kule, na watu wanakwenda wanakopenda. Jua likianza kushuka wazee wanatazama: upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila mguu wa mtazamaji ni kura. Na kwa sababu hiyo kila manju hutafuta dawa ya kuvuta watu. Mwaka ule mjomba alimwendea mganga wa mbali, akarudi na chupa ya kitu cheusi, na kwa siku tatu nililala na ngoma kumi na moja zilizopakwa kitu kinachonuka kama nywele zilizoungua. Sisi tulikuwa Wagika. Mbali na dawa, mjomba alikuwa na filimbi mpya, sare za kaptula nyeupe, na mwanasesere wa mti aliyetikisa mikono ukivuta kamba. Wagalu waliletwa na manju aliyeitwa Ng'wandu, mtu mwembamba mwenye ngoma nne na koti la mtu mwingine.

Mpaka saa nane watu walikuwa kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuwaletea wachezaji wetu maji ya kunywa kutoka bombani. Nilikuwa narudi na ndoo kichwani, katikati ya uwanja, niliposikia upande wa pili ngoma zimenyamaza na mtu anaimba peke yake. Aliimba Kisukuma, kwa Kiswahili ni hivi: alikwenda Geita kuchimba dhahabu, akakaa miezi tisa ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, akarudi nyumbani na shati moja lenye vumbi. Mama yake akalifua lile shati. Maji ya kufulia hakuyamwaga. Aliyachuja kwa kanga yake, taratibu, akatazama kwenye kitambaa, kisha akamtazama mwanawe, akasema, karibu chakula. Basi. Hapo ngoma nne zikaingia. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mimi nilikuwa najua tu kwamba nataka kuusikia ule mstari wa maji tena. Nilipozinduka nilikuwa nimesimama mbele kabisa kwa Wagalu, ndoo ya Wagika bado iko kichwani, na mchezaji wao mmoja ananitua, ananywa, anasema, "Wabeja, asante dada, tulikuwa na kiu kweli." Nyuma yangu kulikuwa na vumbi. Watu walikuwa wamesema, mpwa wa manju amevuka, kuna jambo huko, wakanifuata kama kondoo. Nilitazama upande wetu. Mwanasesere alikuwa anatikisa mikono mbele ya watoto na mbwa.

Kesho yake asubuhi wanaume wa kikundi walikaa uani. Masele ndiye aliyeanza, na kusema kweli alikuwa na nia njema. "Manju, aibu hii ina njia. Mtoto aseme alivutwa. Wenzetu walikuwa na dawa kali, mwakani tutatafuta kali zaidi, yameisha. Hakuna aliyeshindwa hapa." Wote wakaitikia. Mama Ngolo alinibana kiwiko, akaninong'oneza, "Neno moja tu, mwanangu. Sema alivyosema." Mjomba akaniuliza kwa upole, kama anayenishika mkono kuvuka mto, "Milembe, kichwa kilikuwa kizito? Ulihisi miguu si yako?"

"Hapana, mjomba. Miguu ilikuwa yangu."

"Sasa ni nini?"

"Ni wimbo."

Sikuwa shujaa. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikusema lile neno moja. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimezoea, miezi minne, kuandika kilichotokea tu. Labda niliona kwamba nikisema dawa, nitakuwa nimemnyang'anya yule mwembamba mama yake na kanga yake. Na labda kulikuwa na kiburi pia, sikatai. Mjomba alitazama jogoo wawili mpaka wakamaliza kupigana, kisha akasema, "Amalize mwaka. Shule ikifungwa mwezi wa kumi na mbili, aondoke. Mwakani atafute pengine pa kukaa." Pengine hapakuwepo. Kutoka kwetu mpaka shuleni ni mwendo wa kutwa. Kuondoka kulikuwa kuacha shule, na wote uani walijua.

Wiki tatu mjomba hakusema nami. Nikiwa nimesimama mbele yake alikuwa anamwambia Mama Ngolo, "Mwambie huyo afunge mbuzi." Mama Ngolo angenigeukia: "Anasema ufunge mbuzi." Nami: "Mwambie nimekwisha kuwafunga." Siku nyingine alisahau akanijibu moja kwa moja, kisha akakohoa. Jumamosi moja mchana, nikiwa napiga pasi sketi ya shule, aliingia chumbani, akakaa juu ya ngoma ya tatu, jambo ambalo mimi nisingethubutu, akasema, "Uimbe."

"Nini, mjomba?"

"Huo. Wa yule mwembamba."

Nikauimba, nimesimama na pasi ya mkaa mkononi. Nilipofika pale mama anapochuja maji, mjomba alitoa sauti nikadhani ni hasira. Alikuwa anacheka. "Maji ya shati! Anachuja maji ya shati!" Akapiga paja. "Rudia hapo." Nikarudia. Mara ya tatu hakucheka, alipangusa macho kwa kiganja, akauliza, "Na ngoma yangu? Mama Ngolo anasema una daftari." Nikalitoa chini ya godoro. Mjomba alijifunza kusoma ukubwani, alifuata maneno kwa kidole. "Mguu hau-ku-ti-ki-si-ka." Akairudia sentensi yote. "Ila ulijivuna."

"Ndiyo, mjomba."

"Si haba." Akalifunga daftari. "Miaka yote hii naambiwa linapita. Kumbe nilikuwa nawauliza watu waliokuwa wanakula kwangu."

Nilidhani atasema nibaki. Hakusema. Uamuzi uliotolewa mbele ya wanaume haukuweza kuvunjwa chumbani, na nafikiri bado alikuwa na uchungu. Lakini tangu siku ile akipata mstari hakumuuliza mtu tena mezani. Alikuja mlangoni, akaniamuru nisimame, nisikae, akaimba huku akitazama miguu yangu badala ya uso. "Hapana, mjomba." Alirudi kesho yake. "Hapana." Mara moja nilisema "kidogo, kidole gumba tu," akaondoka akipiga mluzi kama mtu aliyepewa zawadi.

Likizo fupi ya mwezi wa tisa alinichukua twende naye Geita kumwona Ng'wandu. Hakunieleza kwa nini. Huko kila kibanda kilikuwa na muziki wake: dansi huku, mahubiri kule, taarabu kwa muuza chapati, na juu ya vyote karasha za kusagia mawe zikinguruma. Niliandika kwamba sauti zote kwa pamoja zilinifanya nitake kununua kitu, chochote. Tulimkuta Ng'wandu mwaloni, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu, bado na lile koti. Alimwamkia mjomba kwa heshima, akatupeleka kwenye chai. Wakazungumza mvua na ng'ombe mpaka chai ikapoa. Ndipo Ng'wandu akauliza, kwa sauti ya chini, "Kaka, msinielewe vibaya. Mwaka huu nani aliwapikia dawa?" Mjomba akamtaja yule mganga wa mbali. Ng'wandu akaweka kikombe chini. "Chupa nyeusi? Inayonuka nywele?" Wakatazamana. Sijawahi kuona wanaume wazima wawili wakicheka vile. Muuza chapati alizima taarabu yake aje aulize kuna nini.

Mvua zilipoanza, mwezi wa kumi na moja, mjomba alikaa siku nyingi bila kuja mlangoni. Kisha jioni moja, jua bado lipo, alikuja bila ngoma yoyote, akaimba akitazama sakafu. Wimbo ulikuwa juu ya siku ile uwanjani, kutoka mahali alipokuwa amesimama yeye. Alisema: nilikuwa nawajua kwa nyuso, siku ile nikawajua kwa migongo. Akaanza kuwataja. Wewe fundi baiskeli, kumbe shati lako lina kiraka cha gunia. Wewe mama muuza dengu, kumbe unachechemea, pole, sikujua. Wewe shemeji, kumbe una haraka hivyo, nyumbani kwangu huwa hunyanyuki upesi. Mgongo baada ya mgongo, bila hasira, kama mtu anayehesabu mifugo yake ikitoka zizini. Halafu wa mwisho: na mgongo mmoja mdogo, umenyooka kama mchi, haukugeuka nyuma, nikasema, huyo anajua anakokwenda.

Sikuamua. Niliona tu vumbi la sakafu linaruka, nikatazama chini, ikawa ni mimi.

Mjomba alitazama miguu yangu, kisha kwa mara ya kwanza baada ya miezi akanitazama usoni, na hakuwa na furaha. "Usinionee huruma."

"Sikuonei, mjomba."

"Shule inafungwa wiki mbili zijazo. Ningekuwa wewe, ningecheza hata kwa wimbo mbovu."

Sikuwa nimefikiria hivyo, na nilipofikiria nikaona ana haki. Ningeapa, lakini hata mwongo huapa. Nikasema jambo lililokuwa kichwani. "Mjomba, ubeti wa shemeji ni mrefu mno. Pale mguu ulisimama. Ukate."

Akakaa juu ya ngoma, polepole. "Ulisimama wapi hasa?"

"Kwenye haraka. Maneno ya nyumbani kwangu hayana kazi."

Aliuimba tena, ubeti umekatwa, nami nikacheza mpaka mwisho, na safari hii aliita kwa sauti, "Mama Ngolo! Njoo uone!" Mama Ngolo akaja na mwiko mkononi, akatukuta tunacheza wote wawili kati ya ngoma kumi na moja, akasema linapita, kisha akaziba mdomo wake mwenyewe.

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufungwa, wanaume wa kikundi walikuja kula. Mjomba aliwaimbia migongo. Waliinama wakicheka, wakaanza kuulizana nani mwenye kiraka, na mmoja akajigeuza kutazama shati lake. Walipotulia, mjomba aliosha mikono, akasema mbele yao wote, "Mpwa wangu habanduki hapa. Mwakani anasoma kidato cha tatu, na analala palepale na ngoma zangu."

Masele aliacha kutafuna. "Sawa, manju. Na akivuka tena?"

"Akivuka tena, tutajua tumekosea wapi."

Masele alikuwa amepiga ngoma kubwa ya mjomba tangu mimi sijazaliwa. Akanigeukia, mikono magotini, akajaribu kufanya utani lakini sauti haikukubali. "Haya, wewe mwenye masikio. Na mkono wangu kwenye ngoma, je?"

Mama Ngolo alichupa kutoka jikoni, akanitia kipande cha kiazi kitamu mdomoni, akisema, "Kula kwanza, mwanangu, kula."

Nikatafuna. Wanaume wote walikuwa wananitazama, na mjomba zaidi yao wote. Nikameza, kisha nikamwambia.